Mbona kamera inaona nyota ambazo wewe huzioni? Maelezo ya mstaafu mmoja wa Dodoma

Nikituma picha ya nyota kwenye grupu la familia jibu la kwanza huwa nalijua kabla sijaweka simu chini. Shemeji yangu mmoja ataandika "afande hapo umeediti" na emoji tatu za kucheka, halafu atakuja mwingine aulize mbona na yeye yuko Dodoma hiyo hiyo, katoka nje sasa hivi, kaangalia juu, kaona nyota za kuhesabu na taa nyekundu ya mnara wa simu basi. Na swali lake sio baya. Kama ule mto mweupe wa nyota ulioko kwenye picha, Njia Nyeupe, kweli unapita juu ya paa lake, mbona yeye hauoni na kamera yangu mimi mzee wa Nzuguni inauona?

Jibu fupi ni kwamba hakuna anayedanganya, jicho halidanganyi na kamera haidanganyi, ila wanafanya kazi mbili tofauti kabisa na katikati yao mambo yamejifunga fundo, kuna giza, kuna muda, kuna dunia inayozunguka, na kuna hiyo editing yenyewe ambayo watu wanaitaja bila kujua ni nini. Tulifungue taratibu.

Mi ni mstaafu wa JWTZ. Sikuwahi kuvaa nyota begani, nimetoka na V zangu tatu za usajenti, mama watoto anasema ndo maana nahangaika na za angani. Ugonjwa huu niliupata Darfur, Sudan, tulipopelekwa kule chini ya UNAMID, ile misheni ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Mchana kule ni mchanga na joto na lile tufani la vumbi wanaloliita habub, linakuja kama ukuta unatembea. Lakini usiku wa lindo, jenereta likizimwa, mbingu inashuka mpaka unahisi ukinyoosha mkono utaigusa. Na nikaona kitu ambacho nyumbani sijawahi kukiona, Nyota ya Kaskazini, iko chini chini na haihami usiku kucha, wakati Msalaba wa Kusini ambao Dodoma mwezi wa 5 kwenye saa tatu usiku unauona umesimama vizuri, kule ulikuwa umeshuka karibu na ardhi kama mtu anayeaga. Hapo ndo nikaelewa anga ni ramani. Ukihama nayo inahama. Urefu wa ile nyota kutoka ardhini ndo latitudo yako, kule ilikuwa kama nyuzi 12, na sisi Dodoma tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta kwahiyo kwetu imezama, huioni hata upande mlima gani.

Lindoni hupigi picha, niliangalia tu. Kamera nimenunua baada ya kustaafu kwa kipande cha kiinua mgongo, na mjadala wake nyumbani haujafungwa mpaka leo.

Halafu kabla hamjaniwahi, najua Dodoma sio jangwa. Kwa kawaida jangwa ni sehemu inayopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, sisi tunapata 550 mpaka 600 hivi, kwahiyo ni nusu jangwa. Lakini angalia mvua zenyewe zinavyokuja, zinaanza mwisho wa Novemba au Desemba, zinaisha Aprili, baada ya hapo miezi sita na zaidi hamna kitu. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta na ule mpango wao wa kulima karanga, kufika 1951 wamefunga virago, mvua haikutosha na udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji. Kinachomliza mkulima ndo hicho hicho kinachonifurahisha mimi, usiku baada ya usiku bila wingu. Ndo maana darubini kubwa za dunia zinapelekwa sehemu kame, Atacama kule Chile, au Karoo ya Afrika Kusini ambako pale Sutherland kuna darubini inaitwa SALT. Hewa kavu, mawingu machache, watu wachache, taa chache. Sisi tuna nusu ya hayo, na tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lile blanketi la hewa nzito yenye unyevu wanalolala nalo watu wa Dar es Salaam tumeliacha chini.

Sasa tuje kwenye jicho.

Somo la kwanza la usiku jeshini sio kulenga, ni kusubiri. Unatolewa kwenye mwanga, unakalishwa gizani nusu saa, hufanyi chochote, na kuruta yeyote anadhani ni adhabu. Kumbe ndani ya jicho kuna seli za aina mbili, za mchana ambazo zinajua rangi na za usiku ambazo rangi hazijui kabisa, na hizi za usiku zinaamka polepole, dakika 20 mpaka 30, na mwanga mweupe wa sekunde chache tu unazilaza tena. Ndo maana tochi ya askari inawekewa kioo chekundu, seli za usiku mwanga mwekundu haziujali sana. Ndo maana tulifundishwa ikirushwa taa ya kuangaza juu yenu ufumbe jicho moja, ikizimika unabaki na jicho moja zima la kufanyia kazi. Na ukitaka kuona kitu hafifu usikikodolee, angalia pembeni yake kidogo, kwa sababu katikati kabisa ya jicho hamna seli za usiku. Jaribu kwa Kilimia, kile kishungi cha nyota ndogo ambacho wazee walikitumia kujua msimu wa kulima, mwezi Novemba jua likizama chenyewe ndo kinachomoza mashariki. Ukikikazia macho unahesabu tano sita, ukiangalia kando zinaongezeka.

Shemeji yangu alitoka sebuleni, TV inawaka, simu mkononi, akaangalia juu sekunde kumi. Huyo hajaangalia nyota. Amechungulia.

Lakini tuseme umekaa hiyo nusu saa kweli. Bado kamera itakuzidi, na sababu yake naielezaga kwa bomba la maji, sisi watu wa Dodoma bomba linalotoa matone tunalijua vizuri. Jicho ni mtu anayekinga matone kwa kikombe, halafu kila baada ya kama sehemu ya kumi ya sekunde anakimwaga, anakinga upya, anamwaga, ni lazima afanye hivyo maana bila hivyo ukimwona mtu anatembea ungeona ukungu tu. Kamera yenyewe ni mama aliyeweka ndoo chini ya bomba akaenda zake kupika. Ukiacha wazi sekunde 20 umekinga vikombe 200 bila kumwaga hata kimoja. Watu wengi wanadhani siri ni lensi kuwa na tundu kubwa, wala. Mboni ya kijana gizani inafunguka mpaka milimita 7 hivi, na lensi yangu ya milimita 14 kwenye f/2.8 tundu lake ni 14 gawa kwa 2.8, milimita 5. Kijana wa miaka ishirini ana tundu kubwa kuliko lensi iliyonigombanisha na mke wangu! Tofauti ni ndoo.

Basi mtu anauliza kwanini usiweke ndoo saa nzima ujaze kabisa. Kwa sababu dunia inazunguka. Nyota zinatembea nyuzi 15 kwa saa, maana yake kila dakika mbili zinasogea upana wa mwezi mpevu, kwa macho huoni ila kamera iliyotulia kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) inaona, na ukizidisha muda nyota sio nukta tena, ni kamstari. Wapigaji wanayo kanuni ya 500, unachukua 500 unagawa kwa zile milimita za lensi unapata sekunde za mwisho kabla nyota hazijaanza kujivuta. Kamera yangu sensa yake ni ndogo (sensa hii sio ile ya kuhesabu watu, ni kile kisahani cha ndani kinachopokea mwanga) kwahiyo ile 14 nazidisha kwanza kwa 1.5 inakuwa 21, 500 gawa kwa 21, sekunde 23 na kitu. Mi naishia 15. Kanuni ni ya zamani za filamu, pikseli za siku hizi, zile nukta zinazounda picha, ni ndogo mno zinaumbua kila kitu.

Au unaweza kuamua kuiacha dunia ifanye yake. Ukipiga picha mfululizo saa mbili ukaziunganisha unapata zile duara za nyota, na hapa kwetu zina sura yake. Ncha ya kusini ambayo anga yote inaizunguka iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, kwahiyo ukielekea kusini unapata mapinde makubwa makubwa yaliyokalia ardhi, na ukielekea mashariki nyota zinapanda wima kabisa kama moshi wa jikoni asubuhi isiyo na upepo. Hiyo ni alama ya watu wa ikweta, mtu wa Ulaya hapati hivyo, kwake zinapanda kwa kuinama.

Kuna hii namba ya kwenye kamera inayoitwa ISO ambayo ndo inawachanganya vijana wengi. Wanadhani ukipandisha ISO kamera inapokea mwanga mwingi zaidi. Haipokei. Mwanga ni ule ule ulioingia ndooni, ISO ni volyumu ya redio, stesheni ikiwa mbali ukiongeza volyumu unamsikia mtangazaji ila na mikwaruzo yote inaongezeka. Kwenye picha mikwaruzo ndo zile chengachenga, rangi rangi ndogo zilizomwagika kwenye giza. Mi naweka 3200, mara chache 6400.

Na dawa ya chenga ni paredi. Unapiga picha 16 za sehemu ile ile, kila moja sekunde 15, kisha programu inazilaza moja juu ya nyingine kwa kufuata nyota na kuchukua wastani. Ni kama kuita majina kila asubuhi, askari aliyepo kweli anaitika siku zote, ila yule mamluki leo katokea kesho hayupo, ukilinganisha orodha za siku 16 unamjua nani ni wa kweli. Nyota ipo kwenye picha zote, chenga inahamahama. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 16 zinakupunguzia mara nne. Picha nne mara mbili. Kwahiyo ukitaka mara kumi lazima upige mia, na hapo mgongo wa mstaafu unakuwa na maoni yake.

Fokasi nayo. Usiku wangu wa kwanza nilirudi na picha 60 na kitu, zote ukungu mtupu. Aliyeniuzia kamera aliniambia "mzee hii inafanya yenyewe", nikamwamini kama kuruta. Gizani hamna kitu cha kamera kushika, inahangaika mbele nyuma halafu inakata tamaa. Unatakiwa uzime fokasi ya yenyewe, utafute nyota kali au Mshtarii ikiwa juu, uikuze kwenye skrini mara kumi, uzungushe lensi kwa mkono mpaka ile nyota iwe ndogo kabisa, halafu ubandike plasta kwenye pete isihame. Ya hospitali inafaa. Sio lazima uwe na kamera kubwa pia, simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuweka sekunde 15 au 30 mwenyewe, iegemeze kwenye jiwe, weka taimu ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, utashangaa.

Sasa hiyo editing.

Ndiyo, naediti. Kila mtu anaediti, hata simu yako inaediti kila picha unayopiga ila haikuombi ruhusa. Kamera yangu inaandika faili la RAW, yaani hesabu tupu za mwanga ulioingia kwenye kila pikseli, na hilo faili ukilifungua ni kijivu kimepooza, halafu mimi nainua palipo hafifu, natuliza palipokolea, naweka sawa rangi nyeupe iwe nyeupe. Swali la maana ni kama nimeongeza kitu ambacho hakikuwepo. Rangi zipo. Wekundu ule kwenye mawingu ya nyota ni hewa ya haidrojeni inang'aa, jicho halioni kwa sababu nimeshasema seli zako za usiku hazijui rangi. Wale wanaonitania na ukijani kijani unaotokea karibu na upeo, hiyo sio fotoshopu, ni oksijeni yenyewe inang'aa kama kilomita 100 juu yetu, kila usiku, dunia nzima. Na ule weusi unaopasua katikati ya mto wa nyota sio tundu, ni vumbi. Vumbi la angani limekaa mbele ya nyota limezikinga, mtu wa Dodoma hilo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Ila kuna picha mi naziita uongo na sina haya kusema. Mwezi mkubwa kama tenki la maji umewekwa nyuma ya mbuyu, na nyota zinaonekana mpaka mbele ya upande wa giza wa mwezi. Hapo mtu kachukua picha mbili za sehemu tofauti kazishona. Akisema ni mchoro sawa, akisema "nimepiga jana" huyo aombe msamaha.

Lini uende? Hapa ndo Dodoma inapendelewa. Katikati ya mto wa nyota, ile sehemu nene inayong'aa karibu na makundi ya nyota ya Nge na Mshale, mwanga wake umesafiri miaka kama 26,000 kufika hapa, na kwetu inapanda mpaka nyuzi 67, karibu na utosi. Mtu wa London hata akipata usiku mzuri inamfikia nyuzi 9 tu, imejificha kwenye moshi na mapaa. Halafu inaonekana vizuri lini? Mwezi wa 6 inakuwa juu kabisa kwenye saa sita na nusu usiku, katikati ya Agosti kwenye saa tatu kasoro. Yaani kiangazi chetu na msimu wake vimegongana siku moja, utadhani vilipangiwa. Machi ukiitaka uamke saa tisa usiku na uombe mawingu yakukubalie.

Mwezi nao lazima uuhesabu. Mwezi mpevu unafuta kila kitu. Mi natumia kalenda ya Kiislamu ya jirani yangu, kuanzia tarehe 25 ya mwezi mwandamo mpaka tarehe 4 ya unaofuata hivi ndo siku zangu, na jua kwetu mwezi wa 6 linazama saa 12 na nusu, giza kamili linakamilika kwenye saa mbili kasoro robo, maana ikweta jua halizami kwa kubembeleza. Ukiwahi kidogo utaona magharibi kuna mwanga hafifu umesimama kama pembe, na alfajiri unarudi upande wa mashariki. Huo ni mwanga wa jua unapiga vumbi lililoko kati ya sayari. Waislamu wanaufahamu siku nyingi, ndo ile alfajiri ya uongo ambayo ikitokea bado ruhusa kula daku.

Tatizo linalokua ni jiji. Sensa ya 2012 (hii sasa ndo ya watu) Dodoma mjini tulikuwa 410,956, ya 2022 tumekuwa 765,179. Serikali imehamia, Mtumba kunawaka, barabara zimewekwa taa, na sisemi taa ni mbaya, mtoto wa kike anatoka tuisheni saa mbili usiku anahitaji taa. Nachosema ni taa nyingi zinaangaza juu ambako hakuna anayetembea, na hizi za LED nyeupe zenye ubluu ndo mbaya zaidi, maana hewa inausambaza mwanga wa bluu kuliko mwekundu, sababu ile ile inayofanya anga la mchana liwe bluu. Taa ya njano iliyofunikwa juu ingemulika barabara vile vile na mimi ningepiga picha Nzuguni kibarazani kwangu. Saizi nalazimika kusafiri.

Na ukisafiri usiende popote tu. Kitu unachopiga kiko kusini, kwahiyo nenda kusini mwa jiji, ule mwanga wa mjini ubaki mgongoni. Ukienda kaskazini halafu ukageuka kupiga kusini umeelekeza lensi kwenye jiji, umefanya kazi bure. Ndo maana naipenda Mvumi, kama kilomita 40, mibuyu imejaa, na kiangazi imepukutisha majani yote inabaki mikono mitupu imenyooshwa juu. Ila Agosti na Septemba upepo una vumbi na watu wanachoma mapori, nyota za chini zinageuka rangi ya chai. Anga safi kuliko zote sio ya kiangazi kikavu, ni siku moja au mbili baada ya mvua ya kwanza ya Novemba kuiosha hewa. Basi ndo hapo hapo na mbuyu unatoa maua, yanafunguka jioni jua likizama na popo ndo wanayatembelea, ukikaa kimya unasikia mabawa. Kuna usiku nilisahau nyota kabisa nikabaki nasikiliza popo na komba wanalia kama watoto.

Angalia chini pia. Kifutu anapenda kulala kwenye njia yenye joto na hakimbii, anasubiri umkanyage. Nge nao wapo, na nge akimulikwa na tochi ya ultravayoleti, zile ndogo za kukagulia noti bandia, anang'aa kijani kama taa ya disko. Natembea nayo. Kabla ya kutandika mkeka namulika kwanza, Nge wa juu nampiga picha, wa chini namhamisha kwa fimbo.

Na toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hii sio adabu tu, ni usalama wako. Mwaka juzi sikutoa, nikaenda na kijana wangu wa bodaboda, nimelala chali chini ya mbuyu na taa nyekundu kichwani, kwenye saa nne hivi tukasikia filimbi, wakatokea wanaume sita na marungu. Sungusungu. Na mimi nikiangalia kwa macho yao, mzee mgeni, taa nyekundu, tripodi ya chuma, chini ya mbuyu usiku, ama mchawi ama natafuta rupia za Mjerumani, hamna maelezo ya tatu. Nikawasalimia kwa Kigogo "mbukwenyi", nikabaki nimekaa na mikono ionekane. Mmoja akanimulika usoni na tochi nyeupe, nusu saa yangu ya giza ikaenda. Nikamwambia mkubwa wao, mzee kunizidi, "shikamoo, kaa hapa uangalie mwenyewe". Nikabonyeza. Sekunde 15 wote wamesimama kimya wanasubiri, kamera ikalia ta, picha ikaja kwenye skrini. Yule mzee akaangalia skrini, akaangalia juu, akarudi kwenye skrini. Akasema hii niliiona utotoni nikiwa nachunga, nilidhani imeondoka. Akawaamuru vijana wake wazime tochi zote, wakakaa chini na sisi mpaka saa sita, na yeye ndo alikuwa anaonyesha, sio mimi.

Kijana wa boda mpaka siku hiyo alikuwa upande wa shemeji, alikuwa anasema mzee unaediti. Hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Safari iliyofuata tulikuwa pale pale, tumeshakaa gizani kama dakika 25, lori likakata kona barabarani na taa zake zote mbele likatumulika. Nikageuka kumlaumu dereva moyoni, nikamwona dogo amekaa palepale kwenye mkeka, uso ameuinua juu, kiganja kimoja amekifunika kwenye jicho la kulia. Sikuwahi kumfundisha hilo, nadhani alinisikia nikimwelezea yule mzee.